Shule za makazi: maana yake, na kwa nini neno "bweni" halitoshi

Kwetu ukisikia mtoto kapelekwa bweni, unaona bahati. Mzazi kauza ng'ombe apate ada, kanunua sanduku la bati na ndoo, na siku ya safari nyumba nzima inamsindikiza mtoto stendi. Ndiyo maana habari za "shule za bweni za wenyeji asilia" wa Kanada zinaweza kumpita msomaji wa Kiswahili bila kumshtua. Bweni lina ubaya gani? Wengine wanaandika "shule za makazi". Hilo naliona afadhali, maana ni geni masikioni na linamfanya mtu aulize.

Shule hizo zilikuwa mfumo wa serikali ya Kanada ulioendeshwa na makanisa, Katoliki kwa sehemu kubwa, pamoja na Anglikana, Presbiteri, Methodisti na baadaye Kanisa la Muungano la Kanada. Serikali ilileta fedha na sheria, makanisa yakaleta mapadri, masista na walimu. Tangu miaka ya 1880 hadi miaka ya 1990, watoto wapatao 150,000 wa Mataifa ya Kwanza (jina la jumla la makabila mengi ya wenyeji), Wainuit (wenyeji wa kaskazini ya baridi) na Wametis (wenye asili ya wenyeji na ya Wazungu) walipitia humo.

Kiini cha dhana yenyewe ni kumtenga mtoto na wazazi wake kwa makusudi. Mwaka 1883 waziri mkuu John A. Macdonald aliliambia bunge kwamba mtoto akisomea karibu na wazazi wake atajua kusoma na kuandika, lakini atabaki mshenzi anayejua kusoma na kuandika. Basi akachukuliwe mbali. Mwaka 1920 sheria ikalazimisha watoto wa miaka 7 hadi 15 kwenda shule, na mzazi aliyemficha mwanawe aliweza kutozwa faini au kufungwa. Hapo ndipo bweni tunalolijua sisi linapoachana kabisa na jambo hili: mara nyingi mzazi hakuwa na hiari.

Mtoto akifika, nywele zinakatwa, nguo za nyumbani zinachukuliwa, anapewa jina la Kizungu na mara nyingi namba. Phyllis Webstad, wa watu wa Secwépemc katika jimbo la British Columbia, alikuwa na miaka 6 alipopelekwa misheni ya St. Joseph mwaka 1973. Bibi yake alikuwa amemnunulia shati jipya la rangi ya chungwa, lenye kamba za kufungia kifuani. Alivuliwa siku ileile ya kwanza na hakulivaa tena. Shati hilo ndilo chanzo cha mashati ya chungwa ambayo Wakanada huvaa kila tarehe 30 Septemba kuwakumbuka watoto wa shule hizo.

Kisha lugha. Kusema Kikri au Kiojibwe kuliwaletea wengi viboko. Msomaji wa Kenya atakumbuka kipande cha mti alichovishwa shingoni mwanafunzi aliyeponyokwa na lugha ya mama. Lakini yule jioni au likizo alirudi kwa bibi, akasimuliwa hadithi kwa lugha ileile. Wa Kanada alikaa miezi kumi, wengine miaka, na akirudi hakuweza tena kuzungumza na bibi yake.

Njaa ilikuwa ya kawaida, na kwa miongo mingi nusu ya siku ilikuwa kazi za shamba, kufua na kupika. Wengi walipigwa na kunajisiwa na watu waliokabidhiwa kuwalea. Kifua kikuu kiliwamaliza wengine. Mwaka 1907 daktari wa serikali, Peter Bryce, aliandika kwamba kati ya wanafunzi 1,537 aliopata taarifa zao, karibu robo walikuwa wamekufa. Wakubwa wake hawakutekeleza mapendekezo yake. Majina ya watoto zaidi ya 4,000 waliokufa yamekwisha kuorodheshwa, na mengi ya makaburi yao hayana alama.

Mmoja wao ni Chanie Wenjack, Muojibwe wa miaka 12, ambaye shuleni waliamua kumwita Charlie. Oktoba 1966 alitoroka shule ya Kipresbiteri mjini Kenora, akashika njia ya reli kuelekea kwa baba yake, kilomita zipatazo 600. Alivaa koti jepesi. Mfukoni alikuwa na kichupa chenye njiti za kiberiti. Alikutwa kando ya reli, amekufa kwa baridi na njaa. Sijui kipimo kingine cha mapenzi ya mtoto kwa nyumbani kinachozidi hicho.

Serikali iliomba radhi mwaka 2008, na Papa Fransisko mwaka 2022 huko Maskwacis, Alberta. Tume ya ukweli na maridhiano chini ya jaji Murray Sinclair ilisikiliza maelfu ya mashahidi na mwaka 2015 ikaupa mfumo huo jina: mauaji ya kimbari ya kitamaduni, yaani kuua watu kwa kuua kile kinachowafanya wawe watu wale.

Nao waliopitia humo wana jina lao. Hawajiiti wahitimu. Wanajiita manusura, neno ambalo sisi tumezoea kulitumia kwa waliotoka kwenye meli iliyozama.