Kusajiliwa dirishani si kuwa na kumbukumbu

Kumbukumbu ya kidijitali ya mgonjwa ni historia ya afya ya mtu mmoja iliyotunzwa kwenye kompyuta: alichougua, vipimo na majibu, dawa alizopewa, mzio alionao.

Hapa Kigoma siku hizi kila kinachofanywa na kompyuta ya hospitali huitwa mfumo, na ukishatajwa jina dirishani unaambiwa "taarifa zako zipo." Zipo zipi? GoT-HoMIS, programu ya hospitali za serikali, hubeba mengi kwa pamoja: usajili, malipo, maabara, dawa. Jina, umri na risiti vinaweza kuwemo na daktari asiwe ameandika lolote kuhusu ugonjwa wako.

Wengine huichanganya kumbukumbu ya mgonjwa na MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kazi ya MTUHA ni kuhesabu. Humwonyesha mganga mkuu wa wilaya kwamba malaria imepanda mwezi huu, ajipange kwa dawa. Haimwambii daktari wa zamu kwamba mama aliyelala mbele yake amewahi kujifungua kwa upasuaji mara mbili, na hilo ndilo huamua kama ataachwa ajifungue kwa njia ya kawaida au ataandaliwa kwa upasuaji mwingine. Presha nayo ni hivyohivyo. Kipimo cha leo cha 150/95 hakijitoshelezi. Daktari anataka vya miezi iliyopita na dawa anazomeza mgonjwa, ndipo ajue aongeze dozi, abadilishe dawa, au aulize kwanza kama dawa ziliisha nyumbani wiki mbili zilizopita.

Linaloniuma zaidi ni dhana kwamba kilichoingizwa kwenye kompyuta ya kituo kimoja huonekana kila kituo. Hakionekani mpaka mifumo ya vituo hivyo iunganishwe na isomane. Mjamzito anayepanda boti Buhingu kuja mjini kwa rufaa, akaacha daftari nyumbani kwa kuwa "nipo kwenye mfumo," anaweza kuanza upya: vipimo tena, hela tena, na saa ambazo mimba yenye shida haiwezi kuzisubiri.

Ndugu zetu wa mapokezi, nawaomba mmalizie sentensi: "Umesajiliwa hapa kwetu." Kisha mkumbusheni mgonjwa asafiri na daftari lake, kadi ya kliniki na barua ya rufaa.