Lupus, seli T na figo: yanayosemwa na yalivyo

"Lupus ni kinga kushuka, kwa hiyo mgonjwa apewe vya kuongeza kinga."

Kati ya dhana zote hii ndiyo yenye madhara zaidi, ingawa chanzo chake kinaeleweka. Lupus ni ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Wengi wetu tulizisikia seli T (chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga) kwa mara ya kwanza kwenye habari za VVU, ambako zile za aina ya CD4 hupungua. Kwenye lupus pia huweza kupungua, lakini ubaya hauko kwenye idadi. Zilizopo huwaka kirahisi mno. Hutoa interlukini-2 kidogo, na bila kemikali hiyo seli T za kutuliza hushindwa kufanya kazi. Papo hapo huzidisha interlukini-17, inayochochea uvimbe kwenye tishu. Ukiichochea kinga ya namna hii unamwaga petroli kwenye moto. Mmea wa alfalfa, unaosifiwa sana na wauza virutubisho, umehusishwa na lupus kuamka upya, kwa sababu ya kemikali ya kanavanini iliyomo.

"Figo huharibiwa na kingamwili, seli T hazihusiki."

Nusu yake ni kweli. Kingamwili (protini za kinga) zinazoshambulia DNA ya mgonjwa mwenyewe hunasa kwenye vichujio vya figo. Lakini seli B inayozitengeneza hupewa ruhusa: ndani ya tezi za limfu, seli T wasaidizi huichochea iongezeke na izinoe kingamwili zake. Seli T nyingine huingia figoni zenyewe na kutanda katikati ya mirija ya mkojo. Ndiyo maana mtaalamu anayekagua kipande cha figo kwa hadubini haishii kwenye vichujio. Akikuta kati ya mirija pamejaa seli hizo na makovu yameshaanza, hali ya mbele ya figo hiyo si nzuri.

"Figo zikiguswa, kiuno kitauma."

Mara nyingi hakiumi. Huonekana povu kwenye mkojo, miguu kuvimba, presha kupanda, au pasionekane chochote. Kipimo cha mkojo ndicho huwahi kugundua. Protini ikifika nusu gramu kwa siku, daktari huanza kufikiria biopsi, yaani kuchukua kipande cha figo kikapimwe.

"Dawa ni kuzizima seli T tu."

Ingekuwa rahisi hivyo, abatasepti, inayokata mawasiliano ya seli T, ingefaulu kwenye majaribio ya lupus ya figo. Haikufikia lengo. Maikofenoleti hufanya kazi kwa sababu huzuia seli T na seli B kuongezeka. Takrolimasi na voklosporini (hii iliidhinishwa Marekani mwaka 2021) hubana seli T, na juu ya hapo huimarisha seli za kichujio chenyewe, hivyo protini inayopungua kwenye mkojo haitokani na kinga peke yake.

Tena kuna seli T zinazotumika kama dawa. Mwaka 2022 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, waliripoti wagonjwa 5 wa lupus sugu waliochukuliwa seli T zao, zikabadilishwa maabara ziwinde seli B, kisha wakarudishiwa. Wote 5 ugonjwa ulitulia, na dawa za lupus wakaziacha. Matibabu hayo bado yako kwenye majaribio.