Kuvua kwa macho ni nini?

Aliyetega dema au kushusha mshipi kilindini hamjui samaki wake mpaka amtoe. Kuvua kwa macho ni kinyume cha hayo. Kwanza unamwona samaki mmoja, yule pale na si mwingine, kisha unamnyatia, unamtupia chambo mbele ya mdomo na kumtazama mpaka ameze. Usipomwona, hutupi. Ndiyo maana uvuvi huu ni wa maji mafupi, ya magoti au ya kiuno.

Marekani na Ulaya wapo wanaomvua hivyo kapi, samaki mnene wa maji baridi, wakiwa ndani ya kayaki, kimtumbwi chembamba cha kuketi na kupiga kafi. Kapi hula chini. Huchimba tope kwa mdomo, mkia ukabaki juu, maji yakachafuka na mapovu yakapanda. Huku visiwani hutamkuta baharini, lakini anayesimama ghuba ya Chwaka, Unguja, maji yakianza kujaa ataona mambo yanayofanana na hayo: taa anafukua mchanga na kuacha wingu la tope nyuma yake, mikizi wanavunja uso wa maji juu ya nyasi za bahari. Na kwa maoni yangu, mabingwa wa kuvua kwa macho hapa kwetu ni akina mama wanaochokoa pweza. Hawamtafuti pweza, maana hujigeuza rangi akawa jiwe. Wanatafuta mdomo wa shimo lake na maganda aliyoyatupa nje baada ya kula.

Hapo ndipo ilipo siri. Mgeni hutafuta samaki mzima, kama yule wa mezani sokoni Darajani. Mzoefu hutafuta kivuli kinachotembea mchangani, tope lililotibuliwa, ncha ya mkia. Samaki mwenyewe huonekana mwisho.

Tena jicho hudanganya. Mwanga hupinda unapotoka majini, hivyo samaki aliye kina cha mita 1, ukimtazama wima, huonekana kama yuko sentimita 75. Ukimtazama kwa mshazari hupanda juu zaidi. Mwenye mkuki analijua hili, hulenga chini ya samaki anayemwona. Mwenye mshipi naye hatupi juu ya samaki. Hutupa mbele yake, upande anakoelekea, la sivyo atamtimua.

Sasa chombo. Mtu wa mtumbwi aliyesimama na upondo huona mbali na huona chini, kwa kuwa anatazama maji kutoka juu. Aliyeketi kwenye kayaki anauona uso wa maji kwa mshazari mkali, na mng'aro wa jua humpiga usoni. Miwani ya kukata mng'aro humsaidia, maana mwanga ulioakisiwa na maji hutetemeka zaidi kwa mlalo na vioo vyake huuzuia ule wa mlalo. Bado yule wa upondo anamshinda kwa kuona.

Ila yeye naye huonekana. Samaki huiona dunia ya juu kupitia duara moja tu lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa nyuzi kama 97, na nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo. Vitu vilivyo chini karibu na maji hubanwa ukingoni mwa duara vikawa utepe mwembamba. Aliyeketi, akiwa mbali kidogo, ni sehemu ya utepe huo. Aliyesimama ni mnara. Kwa hiyo kayaki inakupa kujificha na kukunyima kuona, na mimi ningechagua kujificha, jua likiwa mgongoni.

Saa nazo zina bahati yake Unguja. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri, kwa hiyo samaki wanapanda na maji kuja kula wakati jua liko juu na chini panaonekana. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, mawimbi madogo huharibu yote. Afadhali ungoje shwari.

Ukishamkaribia, laza kafi mapajani taratibu. Kapi ana vifupa vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio, husikia vizuri kuliko samaki wengi, na mikizi si wavumilivu zaidi yake. Kafi likigonga ubavu wa chombo mara moja, utabaki kutazama vumbi la tope.