Mkandarasi Si Ngao ya Mwenye Kiwanja
Wengi nchini Kenya huamini kwamba mwenye kiwanja akishamkabidhi mkandarasi kazi, lawama zote humhamia mkandarasi. Sivyo, hasa msingi unapochimbwa ubavuni mwa nyumba ya jirani. Katika kesi ya Bower dhidi ya Peate, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1876, mkandarasi alikuwa ameahidi kuegemeza nyumba ya jirani na kufidia madhara yoyote. Hata hivyo, mahakama ilimwajibisha mwenye kiwanja, kwa kuwa uchimbaji wenyewe ulikuwa wa hatari. Ahadi ya namna hiyo huwafunga wawili walioiwekea sahihi, wala haimhusu jirani.

Kuhusu mpita njia aliyeangukiwa na tofali, Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, huiruhusu mahakama kupunguza fidia kulingana na uzembe wake mwenyewe, badala ya kumnyima yote kama wengine wanavyodhani. Tuseme hasara ni shilingi 1,000,000, naye akabebeshwa asilimia 20 kwa kuruka uzio: atabaki na 800,000. Ikiwa mkandarasi na mhandisi kwa pamoja ndio waliosababisha jeraha hilo, anaweza kumdai mmoja wao kiasi chote, kisha aliyelipa amfuate mwenzake kudai mchango.