Msambu: mti wa siagi

Msambu (Allanblackia stuhlmannii) ni mti mrefu wa misitu yenye unyevu ya milima ya mashariki mwa Tanzania, hasa Usambara, Uluguru na Udzungwa. Nje ya nchi hii haumei wenyewe. Tunda lake huning'inia kama la mwegea, huweza kupita kilo 5, na ndani mna mbegu nyingi zilizozamishwa kwenye nyama yenye utelezi. Kinacholiwa hasa ni mafuta ya mbegu, ambayo huganda kama siagi kwenye joto la kawaida.

Tunda halichumwi. Husubiriwa lianguke, likafunikwa kwa majani mpaka lilainike, kisha nyama ikafikichwa kwa mikono. Mbegu huanikwa juani na kugeuzwa kila siku. Amani, katika Usambara Mashariki, kuna ukungu mwingi, na mbegu iliyokauka nusu huota kuvu ndani ya gunia. Zikishakauka hutwangwa, zikachemshwa kwa maji, na mafuta yakaenguliwa juu.

Mbegu ya kupanda ni habari nyingine: usiianike hata kidogo, ikikauka imekufa. Hata mbichi ni mvivu, kwani ikiachwa na ganda huchukua miezi mingi kuota, pengine zaidi ya mwaka. Kulimenya ganda bila kujeruhi kiini hufupisha muda huo, ila umfungie njia panya buku, anayezipenda mno.

Tena msambu, kama mpapai, una dume na jike. Mche wa mbegu hautajulikana jinsia yake mpaka utoe maua, baada ya miaka 10 au zaidi. Ndiyo maana mche hubebeshwa, yaani huungwa na kikonyo (kitawi) cha jike linalojulikana, na madume machache hupandwa katikati. Anayekata madume kwa kuwa "hayazai" hushangaa majike yakikosa matunda.

Katika Usambara Mashariki iliki imeupunguza msitu kimyakimya. Mkulima huacha miti mikubwa kwa kivuli na kufyeka vichaka vya chini, pamoja na miche ya msambu. Ukiwa mbali unaona msitu. Ukiingia, hakuna msambu mchanga. Udongo ukichoka, iliki hupisha mahindi, na hapo ndipo miti mikubwa nayo hukatwa. Sehemu ya msitu ililindwa mwaka 1997 ilipotangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Misambu iliyo mashambani hubaki au kuondoka kwa uamuzi wa mwenye shamba.