Wakili, mguu ni shilingi ngapi?

Nimeulizwa tena. Safari hii aliyeuliza ni konda wa Hiace ya Buhongwa, hapa Mwanza, nauli yangu ikiwa bado mkononi mwake. Shemeji yake kagongwa na Fuso pale Mkolani, mguu umevunjika sehemu mbili, na ukoo unataka kujua "bei ya mguu" kabla ya kuja ofisini kwangu. Sijajibu, mzee wa kiti cha nyuma akadakia: mguu milioni kumi, mkono milioni saba, kifo ishirini, mpwa wake alilipwa hivyo hivyo. Gari zima likaitikia. Nikashuka Nyegezi nimenuna, nikamwachia konda kadi yangu.

Hakuna bei ya mguu. Sio polisi, sio mahakamani. Nadhani najua uvumi huu ulikoanzia. Mtu aliyeumia akiwa kazini kwa mwajiri wake analipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kule kweli lipo jedwali: kiungo hiki asilimia kadhaa, kidole kile asilimia kadhaa. Sheria yake ni ya mwaka 2008. Lakini mtu aliyekuwa anavuka barabara kwenda kununua mkaa hayumo humo. Yeye anafungua kesi ya madai kwa uzembe, na huko hakuna jedwali.

Mambo mengine nayapitia mbiombio, nimeshayasema hapa mara nyingi. Gari kuwa na "bima ndogo", ile ya mtu wa tatu, hakumaanishi kwamba hulipwi. Bima ndogo imewekwa kwa ajili yako wewe uliyegongwa, anayekosa ni mwenye gari kwa bati lake. Unawashtaki dereva na mwenye gari, na kampuni ya bima unaipa notisi mapema, usingoje hukumu. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inaonyesha uliumia, haionyeshi nani alikosea. Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu, basi. Fidia ya marehemu haidaiwi na kila mwenye uchungu, kwa hiyo nendeni kwanza mkaombe mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Na mkiwa mmepanda mshikaki watu watatu kwenye bodaboda moja, tegemeeni mahakama kupunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wenu.

Kuna moja siwezi kulipitia mbiombio. Watu wanajua kwamba dereva akitiwa hatiani kwenye kesi ya trafiki, na muda wa rufaa ukaisha, hukumu ile inakuwa ushahidi usiopingika kwenye kesi ya madai. Safi. Wasichojua ni kwamba akiachiwa huru inakula kwao vilevile. Sasa fikiria: mwenye gari anakuja wodini na machungwa na laki tatu, mnakubaliana "kiutu uzima", kesi ya trafiki inaitwa na wewe shahidi mkuu huonekani. Dereva anaachiwa. Miezi sita baadaye laki tatu imeisha, mguu bado una vyuma, unakuja kwangu. Unaanza mechi ukiwa umeshafungwa goli moja, na goli lenyewe umejifunga. Ukiongezea ile karatasi ya "tumemalizana" uliyoweka dole gumba ukiwa na dripu mkononi, ni mawili.

Turudi kwenye pesa, maana ndiko kwenye kichefuchefu changu. Fidia ina mafungu mawili. Fidia maalumu ni kile ulichotoa mfukoni na kinachohesabika: dawa, upasuaji, magongo, bajaji za kwenda kliniki, mapato uliyokosa ukiwa umelala. Hii lazima uitaje moja moja kwenye hati ya madai na uithibitishe kikamilifu. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1992 na mawakili wote tunaukariri uamuzi ule kama sala. Risiti hakuna, pesa hakuna. Nimeshamtetea mtu aliyetumia zaidi ya milioni nne, ikaonekana mahakamani laki tisa na nusu tu, kwa sababu zilizobaki aliwapa watu mkononi au karatasi zilifuliwa na suruali.

Fidia ya jumla ndiyo ya maumivu, usingizi uliopotea, kushindwa kumbeba mtoto. Hii haihitaji risiti, hakimu anakadiria. Na hapa ndipo wateja wanaponiambia, "Wakili, andika milioni mia tano, watatupa hata mia moja." Jamani, mahakama sio soko la Mlango Mmoja. Hakuna kupandisha ili mteja ashushe. Takwimu ya fidia ya jumla unayoiandika haimfungi hakimu, wala haiamui kesi iende mahakama ipi. Kinachoamua ngazi ya mahakama ni madai yale ya msingi yanayohesabika. Nimeona mwenzangu akifungua Mahakama Kuu kwa kujaza milioni mia sita za maumivu, wakati risiti zake zote hazifiki milioni tano. Alirudishwa na pingamizi la awali, mwaka mzima umekwenda.

Kinachonenepesha au kukondesha fidia, kwa uzoefu wangu, ni swali moja ambalo hakuna anayeniuliza: mguu huo ulikuwa unafanya kazi gani?

Nichukue mama mmoja wa Mwaloni, Kirumba, muuza dagaa. Nyonga iliteguka na mguu mmoja umebaki mfupi. Alikuja na daftari la mistari lenye mabaka ya mafuta ya samaki, kurasa nyingine zimegandana, kila siku ameandika kwa herufi zake: "gun 2, mzi 1, deni m. Rhoda". Nilitaka kulibusu. Wakili wa upande wa pili akalishika kwa ncha za vidole, akauliza kwa nini kurasa ishirini zina wino wa rangi moja. Mama akamjibu, "Baba, kalamu haiishi kwa siku moja." Hakimu aliinama kuandika, lakini nilimwona akicheka.

Ila daftari lile lilikuwa linaonyesha mauzo, na mauzo sio faida. Hapa ndipo kesi nyingi za wafanyabiashara wadogo zinapozama. Mtu anasema anauza laki mbili kwa siku, wakili anazidisha kwa siku 30, anafurahi. Toa bei ya gunia, toa kuli, toa ushuru, toa nauli, toa dagaa walionyeshewa na mvua. Tuseme imebaki 12,000, kwa siku 22 za soko. Ni 264,000 kwa mwezi, 3,168,000 kwa mwaka. Mama ana miaka 38. Huzidishi kwa miaka 22 mpaka afike sitini. Unapunguza, kwa sababu anapokea zote kwa mkupuo leo, na kwa sababu angeweza kuugua au ziwa likakauka dagaa. Tuseme mara 12: milioni 38 na kitu. Halafu swali la mwisho, amepoteza uwezo wote au nusu? Ikiwa nusu, 19,008,000. Tulipopungukiwa karatasi tulijazia kwa miamala ya simu, kitabu chake cha VICOBA na ushahidi wa mwenye boti aliyekuwa anamuuzia.

Daktari aliandika ulemavu wa kudumu asilimia 30. Wakili wa bima akadandia: basi mlipeni asilimia 30 ya kipato. Hapana! Daktari amepima mwili, hajapima kazi. Asilimia 30 hiyo hiyo kwa karani wa kukaa mezani inaweza isimpunguzie hata shilingi. Kwa mvuvi wa kusimama kwenye mtumbwi usiku kucha inaweza kuwa mwisho wa kazi. Nimelirudia hili mahakamani mpaka makarani wananitania.

Sasa nikiri ninachokificha mbele ya wateja. Fungu la maumivu, mimi mwenyewe sijui linapimwaje. Mahakama ya Rufani inamtaka hakimu atoe sababu za kiwango chake, na ikikatiwa rufaa haikigusi ila kama kanuni ilikosewa au kiwango kimezidi au kimepungua kupita kiasi. Sawa. Lakini nimebeba kesi mbili za miguu, kuvunjika kwa namna moja, umri karibu sawa, mahakimu wawili tofauti: mmoja alitoa zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Nilisoma sababu zote mbili usiku kucha. Zote zilikuwa nzuri.

Na mama wa nyumbani ndiye ananinyima usingizi zaidi. Mayu, ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, anaamka saa kumi, anateka maji Igombe, anapika, analima bustani, analea wajukuu watatu. Akivunjika nyonga hana daftari wala muamala. Huwa naleta ushahidi wa mshahara wa msichana wa kazi waliyemwajiri baada ya ajali, ndilo pengo pekee linaloandikika. Mahakama inapokea. Lakini kusema mayu ana thamani ya msichana wa kazi, hata mimi ninaposimama kuisema koo hukauka.

Konda alinipigia jana jioni. Nikamuuliza shemeji anafanya kazi gani. Fundi wa kuchomelea mageti, Igoma. Nikauliza, anachomelea amesimama au amechuchumaa? Kimya. Nasikia tu honi na mtu akiita "Buhongwa, Buhongwa". Kisha akasema, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa: "Wakili, mimi nimekuuliza habari ya mguu."