Kabla Hujanunua kwa Sababu Mtangazaji Amesema

Masika yakishashika, malalamiko ya walaji wa Arusha na Moshi tunayoyapokea ofisini hubadilika. Wanaoleta makopo ya krimu za kung'arisha ngozi hupungua, wanakuja wakulima na mifuko ya mbegu ambazo hazikuota. Ukiwauliza kwa nini walinunua mbegu hizo, wengi hawaanzi na bei wala na duka. Wanaanza na jina la mtangazaji wa redio.

Makala hii haihukumu kituo chochote wala mtangazaji yeyote. Mtu anayekuamsha kila alfajiri, anayesoma salamu za shangazi yako wa Marangu, anayetangaza msiba wa jirani na bei ya mahindi soko la Kilombero, ni haki yake kuaminiwa kwa hayo. Tatizo linaanza pale imani hiyohiyo inapohamishiwa kwenye kopo la dawa ya viwavi.

Si udhaifu wa watu wa kaskazini peke yao. Septemba 1943, wakati wa vita, mwimbaji Kate Smith alikuwa hewani Marekani kwa saa 18, akirudi mara kwa mara kuwasihi wasikilizaji wanunue hati fungani za serikali. Ahadi zilifika takriban dola milioni 39. Mwanasosholojia Robert Merton aliwahoji wasikilizaji, na jambo lililojitokeza ni kwamba waliguswa na unyofu wake: walimwona anajichosha kwa ajili ya wengine, hauzi kitu chake. Mwaka 1956 watafiti Horton na Wohl wakaeleza hali yenyewe: msikilizaji humzoea mtangazaji kama rafiki, ilhali mtangazaji hamjui.

Sasa sikiliza tangazo la asubuhi kwa makini. "Mimi mwenyewe natumia." "Nyumbani kwangu haikosi." Maneno hayo yanauza kuliko wimbo wowote wa biashara, kwa sababu hayasikiki kama tangazo, yanakuja katikati ya stori, kwa sauti ileile ya salamu. Kisha: "Ukifika dukani sema nimekutuma mimi, utapunguziwa." Wengi hudhani hiyo ni hisani. Punguzo unaweza kulipata kweli, lakini kwa neno hilo mwenye duka pia anahesabu ni wateja wangapi wameletwa na kipindi kile, na hesabu hiyo humsaidia kuamua kama aendelee kulipia. Kulipwa kutangaza si kosa. Kosa ni kusema uongo.

Lipo jambo tunalolirudia kila siku, na bado linarudi: "Lakini redio ina leseni, bidhaa si imekaguliwa?" Haijakaguliwa na redio. Leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, inaruhusu kituo kurusha matangazo, haithibitishi sabuni wala mbegu. Chakula na vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019. Dawa na vifaa tiba ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tangazo la dawa linahitaji kibali chake kabla ya kwenda hewani. Mbegu ni TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu; kwenye mfuko kuna lebo yenye namba ya kukwangua, ambayo unaihakiki kwa simu kabla ya kulipa. Viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea, ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo iko hapahapa Arusha. Mtangazaji hayumo katika orodha hiyo. Tunaomba sana hili lieleweke.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza, katika biashara, mwenendo unaopotosha au unaoelekea kupotosha, na inakataza kudai kwa uongo kwamba bidhaa ina kiwango, ubora au idhini fulani. Biashara ikikutwa na hatia, faini inaweza kufika asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume ya Ushindani, inayosimamia sheria hiyo, anakata rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Si kila sifa ni uvunjaji wa sheria. "Unga mtamu kuliko wote Moshi" ni majigambo ya biashara, na hakuna afisa atakayefungua jalada kwa hilo. "Imethibitishwa na TBS" au "inaponya kisukari" ni dai linalopimika. Ukileta lalamiko, tuletee dai la aina hii ya pili, kwa maneno yaliyosemwa, si kwa hasira uliyonayo.

Lalamiko liwe la maandishi. Andika jina lako, jina la duka na mahali lilipo, jina la kituo, kipindi, tarehe na saa ya tangazo. Ambatanisha risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi; ukiambiwa "mashine imeharibika", usinunue bado. Kama tangazo lilirushwa pia kwenye mtandao wa kijamii wa kituo, lihifadhi siku hiyohiyo, maana hufutwa. Bidhaa iliyobaki usiitupe na usiihamishie kwenye chombo kingine. Mkulima mmoja alituletea mbegu zimefungwa kwenye gazeti; bila mfuko hatukuwa na namba ya bechi wala lebo, na muuzaji alikana kumfahamu. Hata mbegu ulizokwisha panda, mfuko wake mtupu uweke mahali pakavu hadi mimea iote.